Mboga za wakaa chini: shajara ya tangi, kaskazi hadi kipupwe

Mradi ni huu: kuwalisha samaki wa sakafuni mwa tangi langu kwa vyakula vya sokoni hapa Dar es Salaam, na kuandika kinacholika, kisicholika na kinachoharibu maji. Vidonge vya kiwandani ninavyo na sivikatai. Shida yake ni kwamba wiki hii vipo madukani, wiki ijayo havipo, na vinaporudi unakuta mkebe umebakiza miezi michache muda wake uishe. Samaki hawezi kusubiri kontena lifike bandarini.

Tangi ni la lita 240. Chini kuna mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yakatoka safi, ndani kuna gogo kavu la mpera na vifuu vya nazi vya kujifichia. Wakaa chini ni wa aina mbili, wote asili yao Amerika ya Kusini. Wa kwanza ni pleko, kambare wa kujibandika kwa mdomo, wale wadogo wa jenasi ya Ancistrus, wale ambao dume huota vinyama kama ndevu juu ya pua. Hawa hawapiti sentimita 15, tofauti na yule pleko mkubwa anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kisha anavuka sentimita 30. Wa pili ni kori wa shaba, kambare mdogo mwenye sharubu, Corydoras aeneus, ambaye wataalamu mwaka 2024 walimhamishia jenasi ya Osteogaster. Madukani amebaki kuwa kori.

Wauzaji huwanadi wote wawili kuwa ni wasafishaji, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba kinyesi na makombo ya samaki wa juu yatawatosha. Hakuna samaki wa tangini anayeishi kwa kinyesi. Makombo nayo hayafiki chini yakiwa ya maana: samaki wa katikati wenye njaa humaliza karibu kila kitu kabla hakijagusa mchanga. Mkaa chini anahitaji chakula chake, kilichoandaliwa kwa ajili yake, kwa saa yake.

Machi, kaskazi inaishia

Pleko wapya wameingia na matumbo yamebonyea. Wakijibandika kwenye kioo unaona wazi: sehemu ya tumbo, nyuma ya mapezi ya kifuani, inapaswa kuwa bapa au imefura kidogo. Hawa imezama ndani, na macho nayo yameingia. Ni dalili ya njaa ya muda mrefu. Duka walikotoka lina matangi yanayong'aa, na kioo kinachong'aa hakina utando wa kijani wa kukwangua.

Nilimuuliza kijana anayeuza huwa anawapa nini.

"Hao hawalishwi, kaka. Wanajitafutia humo humo."

Hana nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Lakini samaki wengi wa aina hii hufa wiki za mwanzo nyumbani kwa sababu ya neno hilo, na mwenye tangi hulaumu maji.

Joto la maji mchana linagusa nyuzi 30. Hili lina uzito katika mradi mzima. Maji ya nyuzi 20 yakijaa hewa hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 28 hubeba 7.8. Huku Pwani tunaanza na hewa pungufu, na mboga inayooza huvuta hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja tangu leo: mboga inaingia taa zikizimwa, inatoka asubuhi. Pampu ya hewa haizimwi.

Machi, siku za mwisho

Nimetumia jioni kadhaa kuangalia midomo. Nimefunika tochi kwa karatasi nyekundu ili isiwashtue, nikakaa usawa wa kioo.

Mdomo wa pleko uko chini ya kichwa, ni duara, wa kunyonya. Ndani una safu za meno membamba yaliyopinda nchani, na yanakwenda mbele na nyuma bila kupumzika. Usiku mtaa ukishatulia, ukiweka sikio kwenye kioo unasikia mkwaruzo wake juu ya gogo. Utumbo wake ni mrefu sana, umejiviringisha tumboni mara nyingi. Ni mwili wa mnyama anayekula chakula chenye nguvu kidogo kwa saa nyingi. Chakula kinapopita anachukua kidogo, kinachobaki anakitoa. Ndiyo maana kinyesi chake ni nyuzi ndefu na hakiishi. Huyu ukimpa nyama tupu kila siku tumbo linavimba.

Jamaa zake wa jenasi ya Panaque hutafuna mbao waziwazi, na kwa miaka mingi watu waliamini wanazimeng'enya kama mchwa. Mwaka 2009 mtafiti Donovan German alionyesha kwamba sivyo: ubao unapita haraka, na wanachofaidi ni vile vitu laini vinavyotokana na ubao kuoza. Kwa Ancistrus, gogo ni uwanja wa malisho. Utando unaoota juu yake ndio anaoukwangua.

Wala si kila pleko ni wa mboga. Pleko pundamilia wa mto Xingu huko Brazili, Hypancistrus zebra, ana meno machache na hupendelea chakula cha nyama. Mtu akimlisha matango kwa sababu tu ni pleko, anamshindisha njaa. Jina la dukani halitoshi. Fungua macho uangalie mdomo.

Kori yuko mbali kabisa na hawa. Ana sharubu laini mdomoni, anazika uso mchangani mpaka machoni, anachuja, na mchanga unamwagika kupitia mashavuni. Anatafuta minyoo na vidudu. Utumbo wake ni mfupi, na sehemu ya nyuma hufanya kazi ya kuvuta hewa. Ndiyo maana unamwona anafyatuka kwenda juu, anagonga uso wa maji na kurudi chini mara moja. Mboga kwake ni kitu cha kupitia tu.

Basi jiko ni la sahani mbili.

Aprili, mvua zimeanza

Soko la Kisutu. Zukini zipo, lakini bei yake ni ya wateja wa hoteli. Nimechukua chache za kulinganishia, kisha nikajaza kikapu kwa mumunye changa, ambalo ni la ukoo mmoja na zukini na linapatikana hata kwenye genge la mtaani kwetu.

Mumunye lina jambo moja la kujua. Mara chache hutokea moja chungu, na uchungu huo ni wa kemikali ya kukubitasini, sumu ya kweli kwa binadamu, na sitaki kuijaribu kwa samaki. Kabla ya kuchemsha nakata kipande chembamba, naweka ulimini. Likiwa na uchungu hata kidogo linakwenda jalalani lote.

Namenya maganda kila kitu kinachomenyeka. Bustani nyingi za mabondeni hupigiwa dawa ya wadudu, na dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo mtu huzivumilia, ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno. Majani ninayoshindwa kumenya nayaosha kwa maji mengi yanayotiririka, na nikiweza nachukua ya nyumbani kwa jirani anayelima matembele bila dawa.

Namna ya kuandaa: kipande cha unene wa sentimita 2, maji yanayochemka dakika 2, kisha kwenye maji ya baridi. Mboga mbichi ina hewa ndani ya nyama yake na huelea. Kuchemsha kidogo kunaifukuza hewa hiyo na kulainisha. Kugandisha kwenye friji usiku kucha hufanya kazi ile ile, maana barafu hupasua chembe za mboga. Kisha nachoma kipande kwa kijiko cha stenlesi, mpini unapita katikati, kinazama chenyewe. Risasi za mshipi wa kuvulia sizitumii kabisa, madini yake si ya kuwekwa kwenye maji ya samaki.

Usiku wa kwanza hawakugusa. Hili ni la kawaida kwa samaki ambaye hajawahi kuona mboga, na ndipo watu wengi hukata tamaa wakasema "wangu hali". Niliendelea kuweka na kutoa, kuweka na kutoa. Baada ya siku chache jike mmoja mdogo alipanda juu ya mumunye na kubaki hapo mpaka alfajiri. Usiku uliofuata walikuwa wamelizunguka, vichwa ndani, mikia nje. Asubuhi kilichobaki kilikuwa pete nyembamba, nyama ya katikati imekwanguliwa yote, mbegu zinaning'inia kwenye nyuzi, na pembeni alama ndogo ndogo za meno zimepangana kwa ukaribu ambao hata kisu hakiwezi.

Tango linaliwa haraka kuliko yote. Silitegemei: zaidi ya asilimia 95 yake ni maji. Pleko mwenye tumbo lililobonyea ukimpa tango tu, tumbo linajaa na mwili haunenepi.

Aprili, jaribio la ndoo

Nilitaka kuona kwa macho yangu nini hutokea chakula kikisahaulika, bila kumhatarisha samaki yeyote. Ndoo tatu za maji ya bomba yaliyokaa wazi, hazina samaki wala chujio. Ya kwanza niliweka kipande cha mumunye, ya pili njegere zilizomenywa ganda, ya tatu dagaa waliosagwa. Uzito sawa, joto la chumbani, kisha kila siku kipimo cha matone cha amonia, sumu inayotoka kwenye chakula kinachooza.

Siku ya kwanza zote tatu zilikuwa za njano, yaani salama, ingawa maji ya dagaa yalishaanza kuwa meupe. Kesho yake ndoo ya dagaa ilikuwa kijani iliyokolea na inanuka. Njegere zilikuwa zimeanza kijani hafifu. Mumunye lilikuwa na ute juu yake, unateleza vidoleni, lakini kipimo kilisogea kidogo tu. Lilichelewa kuwafikia wenzake. Amonia hutoka kwenye protini, na mumunye halina protini nyingi. Linachoharibu lenyewe ni hewa: ule ute ni bakteria, na bakteria hao wanavuta oksijeni.

Kwa hiyo sahani ya mboga inasameheka kidogo, sahani ya nyama haisameheki. Mabaki ya dagaa au minyoo nayanyonya kwa mpira ndani ya saa mbili.

pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, nayo inaingia hapa. Kwa maji ya nyuzi 28 yenye pH ya 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikifika 8, ni asilimia 6 na kitu. Kipimo kinaweza kuonyesha rangi ile ile kwenye matangi mawili, na hatari ikatofautiana mara tisa. Anayetumia maji ya kisima yenye pH ya juu ana nafasi finyu kuliko mimi mwenye 7.4.

Mei, masika imekolea

Mkungu wa uwanja wa msikiti umeangusha majani. Nimeokota yale ya kahawia yaliyokauka yenyewe, mbali na barabara, nimeyaosha na kuyaloweka. Huko Asia wafugaji wa samaki wanayanunua kwa bei, sisi tunayafagia na kuyachoma. Jani likizama linatoa rangi ya chai nyepesi, na baada ya muda linafunikwa na utando mwembamba ambao pleko na kori wote wanaupenda. Linaliwa polepole mpaka inabaki mishipa yake tu. Haliwezi kuwa mlo kamili, ila ni chakula kilichopo saa 24 bila kuchafua, na kwa samaki aliyeumbwa kukwangua mchana kutwa hilo ni jambo kubwa.

Vilivyojaribiwa mwezi huu, kwa ufupi: matembele yaliyochemshwa, ndiyo, sana. Njegere bila ganda, ndiyo, na kori walipita wakachukua punje zilizopasuka. Boga, ndiyo, na kinyesi kinakuwa cha rangi ya chungwa. Kiazi kitamu kibichi kilichokatwa vipande vyembamba kinadumu usiku mzima, lakini kikichemshwa kinafumuka na kuchafua. Karoti walikwaruza kwa uvivu. Mchicha wanakula, nauweka mara moja moja tu kwa sababu ya oksaleti zake zinazofunga kalsiamu. Kisamvu hakiingii tangini, kina saianidi ambayo sisi wenyewe tunaiondoa kwa kutwanga na kupika muda mrefu. Mkate, wali na ugali sivitumii, ni wanga unaovunda.

Mei, kutafuta kishikio

Mboga peke yake haitoshi. Ancistrus anahitaji protini kiasi, hasa majike wanaotengeneza mayai, na kori anaihitaji zaidi. Ukimwaga unga wa dagaa tangini unatawanyika, nusu inaingia kwenye chujio. Kinatakiwa kitu cha kushika unga na mboga pamoja, kizame, kisiyeyuke.

Jelatini ya dukani niliiondoa kwenye hesabu mapema kwa sababu mbili. Ya kwanza, chanzo chake mara nyingi hakiandikwi, na friji hii ni ya familia inayojali halali. Ya pili ni joto: jelatini huanza kulegea karibu na nyuzi 30, na huo ndio mchana wetu wa kawaida wakati wa kaskazi. Chaina grasi, ambayo mama zetu huifanyia faluda na pudini, haina tatizo hilo, inayeyuka kwenye maji yanayokaribia kuchemka tu. Lakini kwa kiasi ninachohitaji ni ghali.

Mwani upo. Zanzibar wameulima kibiashara tangu 1989, wakianzia Paje na Jambiani, na sehemu kubwa huuzwa nje mkavu ili viwanda vikamue karajinani, ambayo ni hicho hicho kishikio ninachokitafuta. Aina ya kotonii hutoa jeli ngumu, spinosum hutoa jeli laini. Kotonii imepungua kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto na inaugua, hivyo unayoikuta kwa urahisi ni spinosum.

Nilimpata mama mmoja mwenye asili ya Paje anayeuza bidhaa za mwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wataka wa sabuni au wa kula?"

Nilipomwambia ni wa chakula cha samaki wa ndani, hakushangaa, aliuliza tu kama maji yao ni ya chumvi au baridi. Nikamjibu baridi. "Basi uloweke usiku kucha, umwage, uloweke tena. Mpaka ukionja usipate chumvi. Na upike kwa moto mdogo, usiuache peke yake, unashika chini." Akanichagulia kotonii kidogo aliyobakiza. Maelekezo yake ndiyo ninayoyafuata mpaka leo.

Kiasi nilichotulia nacho kwa sahani ya pleko: gramu 50 za mwani mkavu uliolowekwa na kusuuzwa, upikwe kwenye nusu lita ya maji mpaka uvurugike kuwa uji mzito, kisha usagwe kwenye blenda. Nachanganya na nusu kilo ya mboga iliyochemshwa, mumunye nusu na iliyobaki matembele na njegere, na gramu 60 za dagaa waliosagwa. Mchanganyiko ukishapoa kiasi cha kidole kuvumilia, ndipo naongeza hoho mbichi moja iliyosagwa. Hoho ina vitamini C nyingi, na moto huiua; samaki anayeikosa kwa muda mrefu uti wake wa mgongo hupinda. Namimina kwenye sinia, naweka kwenye friji, nakata vipande vya sentimita 2, nagandisha.

Dagaa ni wa Mwanza. Hao hukaushwa juani bila chumvi, ila wengi wameanikwa mchangani, kwa hiyo nawaosha mara kadhaa na kukausha tena kabla ya kusaga. Usipofanya hivyo chini ya blenda pana mchanga. Dagaa wa baharini wengi huchemshwa kwa chumvi, siwatumii kwa sahani hii.

Kipande cha kwanza kilizama moja kwa moja na kubaki na kona zake mpaka asubuhi. Maji hayakubadilika rangi. Nilifurahi kupita kiasi, nikaamsha watu waje waone.

Juni, kipupwe: zamu ya kori

Maji yameshuka hadi nyuzi 26 asubuhi na kori wamechangamka kuliko wakati wowote.

Sahani yao: mwani ule ule, mboga robo tu, iliyobaki dagaa na uduvi. Uduvi ni wa baharini, hivyo nauloweka kwanza utoe chumvi. Vipande nakata vidogo kama punje ya mchele, navimwaga sehemu moja ya mchanga baada ya kuwalisha samaki wa juu kwanza ili wasishuke kuvamia.

Mara moja kwa wiki wanapata nyungunyungu. Nawachimba kwenye rundo la mbolea ya majani lisilowekwa dawa, nawaweka siku nzima kwenye karatasi yenye unyevu watoe udongo tumboni, nawasuuza, nawakata kwa wembe. Hapa ndipo utaamini kori si samaki wa makombo. Harufu ikifika tu, kundi zima linaacha kupumzika, sharubu zinatetemeka, wanapiga mchanga hadi vumbi linapanda, mmoja anavuta kipande huku, mwenzake anakivuta kule.

Watu wawili wamenishauri nifuge viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo, kwamba ni chakula bora na cha bure. Ubora wake ni wa kweli. Lakini Dar imepata milipuko ya dengi, 2014 na 2019, na mbu anayeisambaza huzaliana kwenye ndoo za namna hiyo hiyo za majumbani. Ukisahau siku chache tu, umewaachia majirani mbu. Sitafuga.

Sharubu za kori wote ni nzima na ndefu. Naamini sababu kubwa ni mchanga kuwa msafi: mabaki ya chakula yakizama na kuoza humo, bakteria huzila sharubu hizo zikabaki vishina. Kila nikibadilisha maji, robo ya tangi kwa wiki, napitisha mpira juu ya sehemu wanayolia chakula.

Julai

Rafiki anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika amenionyesha gogogo wake wa madoa, Synodontis multipunctatus, yule ambaye Tetsu Sato aliandika habari zake mwaka 1986: hutaga mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaoatamia mdomoni, na mwenyeji analea watoto wasio wake. Tulimpa kipande cha sahani ya kori, akala. Cha pleko alikinusa akakiacha. Konokono wadogo waliokuwa tangini aliwasaka mwenyewe. Ni samaki wetu, wa ziwa letu, na nimemwomba rafiki yangu aandike anachokula kama ninavyoandika mimi.

Kwenye tangi langu dume mkubwa wa pleko hatoki kwenye kifuu. Nimemulika: nyuma yake kuna kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, anayapepea kwa mapezi. Hali chochote. Najizuia kumsogezea chakula mlangoni. Kitaozea pale na kuwaharibia watoto hewa.

Julai, mwishoni

Mayai yameanguliwa. Vitoto vimebandika kwenye ukuta wa kifuu, kila kimoja na kifuko cha kiini tumboni, na maadamu kifuko kipo havihitaji chakula. Kazi inaanza kikiisha, kwa sababu kitoto cha Ancistrus kinahitaji kula karibu muda wote, na tumbo lake halina akiba.

Baadhi yao nimevihamishia kwenye kisanduku cha wavu ndani ya tangi hilo hilo, ili maji yawe yale yale. Majani ya mkungu yamelowekwa tangu mwezi uliopita, yana utando wa kutosha, na hayo ndiyo malisho ya msingi. Juu yake mumunye iliyochemshwa zaidi kidogo, dakika 4, iwe laini kwa meno machanga. Hapa ndipo ratiba yangu inabadilika: mboga ipo mchana na usiku, ila kipande ni kidogo na kinabadilishwa kila baada ya saa 12.

Agosti

Vitoto vinakua kwa tofauti. Walio karibu na kipande cha mwani na dagaa wamewazidi wenzao kwa kichwa kizima, wale wanaopenda jani tu wamebaki wembamba. Sasa naweka kipande cha sahani ya pleko katika kona mbili za kisanduku badala ya moja, kilichokunwa kwa grata kiwe kama nyuzi, na pengo limeanza kuziba. Matumbo yote, makubwa na madogo, yamefura inavyotakiwa. Nayakagua kila jioni wakipanda kwenye kioo.

Dume ametoka kwenye kifuu na amerudia mumunye kwa nguvu. Majike nimewaongezea dagaa kidogo, gramu 80 badala ya 60, mpaka warudishe miili.

Mwani wa kotonii umeisha na mama hana mwingine kwa sasa. Nimechukua spinosum. Jeli yake imekuwa laini, kona zinalegea kabla ya asubuhi, kwa hiyo kwa pishi linalofuata naongeza kijiko kimoja cha chaina grasi kwenye kila nusu lita na kupunguza maji ya kupikia. Njegere pia zimepanda bei. Nitajaribu majani ya kunde mahali pake.